Nesi wa Nyumba ya Kuvutwa

Kabla sijahamia kwenye karavani, nilikuwa nimeishi Dubai muda mrefu bila kulifungua sanduku langu lote. Kampuni iliyoniajiri ni ya wauguzi wa majumbani. Mgonjwa akiruhusiwa kutoka hospitali na bado anahitaji mkono wa nesi, anapelekewa nesi nyumbani kwake. Akipata nafuu, nesi anahamishiwa kwingine. Nililea mapacha waliozaliwa kabla ya siku zao, nikatoka hapo nikaenda kwa mzee aliyevunjika nyonga huko Al Jaddaf, nikatoka kwa mzee nikaenda kwa mama mmoja mwenye mshono uliokataa kufunga. Kati ya kazi na kazi nilirudi Al Mankhool, kwenye chumba tulichopanga wanawake wanne, kila mmoja na kitanda chake na pazia lake. Nilizoea kutoa nguo sandukuni asubuhi na kuzirudisha jioni. Mama yangu akinipigia simu kutoka Kitale hakuanza na habari za kazi. Aliuliza, "Leo uko kwa nani?"

Sikuwa na huzuni. Kazi niliipenda. Lakini upo uchovu wa mtu ambaye kila baada ya muda mfupi hajui swichi ya taa iko upande gani wa ukuta, na huo nilikuwa nao.

Ndipo nikapelekwa kwa Bibi.

Familia yake ilikaa Al Khawaneej, katika nyumba yenye ukuta mrefu na miti miwili ya ghafu langoni. Aliyenipokea ni binti yake, ambaye nilimwita madam kama tulivyozoea kuwaita waajiri wetu wote. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye macho ya mtu asiyepata usingizi wa kutosha. Alinieleza kwa Kiingereza kwamba figo za mama yake zimeshindwa kazi, kwamba baba yake alifariki mwaka uliotangulia, na kwamba yeye mwenyewe hawezi hata kuutazama mrija uliotokeza tumboni mwa mama yake. Alisema hivyo bila kuzungukazunguka, kama mtu anayetaja ugonjwa wake mwenyewe.

Nilianza kupanga vifaa vyangu huku mgonjwa akiniangalia kimya kutoka kitandani. Alikuwa mwembamba, amevaa barakoa ile ya akina mama wa zamani wa Ghuba, inayong'aa kama shaba na kuacha macho wazi. Simu yangu ikaita. Alikuwa mwenzangu wa chumbani, anataka kujua kama nimefika salama. Nikamjibu kwa Kiswahili, nikakata. Nilipogeuka, yule mama mzee alikuwa ameinuka akakaa.

"Mwanangu," akasema, kwa Kiswahili laini cha Unguja, "wewe mtu wa wapi?"

Nilibaki na boksi la glavu mkononi. "Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Kaa kitako. Muda mrefu sijazungumza na mtu."

Wazazi wake walitoka Unguja naye akiwa msichana, na marehemu mumewe alikuwa wa hukohuko. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya ndani, ya jikoni na ya kugombana. Madam alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiarabu. Na tangu mzee afariki, hakuna aliyemjibu Bibi kwa lugha aliyoanzia mazungumzo. Siku ile ya kwanza alinizungumzisha mpaka sauti ikamkauka. Madam alikuja mara mbili kuchungulia mlangoni kuna nini.

Matibabu yake yalikuwa hivi. Mtu ambaye figo zake zimekufa anaweza kusafishwa damu kwa mashine hospitalini, au anaweza kusafishwa kwa njia ya tumbo akiwa nyumbani. Bibi alikuwa wa njia ya tumbo. Mara nne kwa siku niliunganisha mrija wake na mfuko wa maji ya dawa; maji ya zamani yakatoka, mapya yakaingia, yakakaa tumboni yakivuta uchafu mpaka zamu nyingine. Kazi hiyo haitaki nguvu. Inataka usafi, tena usafi wa wazimu. Mikono inaoshwa mpaka viwikoni, madirisha yanafungwa, kiyoyozi kinazimwa, nesi na mgonjwa wote wanafunika pua na mdomo. Kijidudu kimoja kikipenya kwenye mrija, tumbo zima linawaka moto. Bibi aliivaa ile ya hospitali juu ya ile yake. "Barakoa juu ya barakoa," alisema. "Sasa ndo nimesitirika."

Kila zamu alitaka kiti chake kielekezwe dirishani. Nilidhani anapenda mwanga. Siku moja nikamwuliza anatazama nini, akanionyesha kwa kidole. Nje, chini ya banda la mabati, ilisimama karavani nyeupe, nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, imejaa vumbi, magurudumu yamekwisha upepo. Ilikuwa ya marehemu. Joto likianza kupungua, yeye na mkewe walikuwa wakiifunga nyuma ya gari, wakaenda jangwani, na hawakurudi mjini mpaka joto lirudi. Walifanya hivyo miaka na miaka, watoto wakiwa wadogo, watoto wakiwa wakubwa, na baada ya watoto kuwa na nyumba zao.

"Baridi inakuja," Bibi akasema. "Nami nitaipokea nimetazama ukuta wa jirani?"

Alikuwa ameshamwomba binti yake, na binti yake alikataa. Madam aliponieleza sababu zake sikuweza kumlaumu. Jangwa ni mchanga, mchanga ni uchafu, na uchafu ni kifo kwa mtu wa mrija tumboni. Alisema amemzika baba, na udongo wa kaburi bado haujakaa sawa. Nilimwelewa. Lakini usiku ule na siku zilizofuata nilikuwa nikiwaza jambo moja: chumba cha hospitali hakizaliwi safi. Kuna mtu anakisafisha. Kwa nini karavani isisafishwe?

Nikamwomba madam ruhusa ndogo tu, ya kuifungua na kuipangusa. Alikubali, nadhani ili kumfurahisha mama yake kwa kitu kisicho na hatari.

Dereva wa familia, Mpathani wa Peshawar, Pakistan, mwenye ndevu nyekundu kwa hina, akajaza magurudumu upepo na kuisogeza kwenye kivuli kizuri. Alikuwa amesaidia kuivuta karavani ile tangu enzi za mzee, na alifurahi kuliko alivyotaka ionekane. Mimi nikatoa mapazia yote, nikatoa zulia, nikatoa magodoro. Niliosha kuta kwa sabuni, nikarudia kwa dawa. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Naif, kwa mfanyabiashara wa Mombasa anayewauzia watu wanaosafirisha mizigo Afrika Mashariki, nikanunua mikanda ya mpira ya kuzibia madirisha, shuka za plastiki na utepe wa gundi. Aliniuliza nafungua duka gani. Nilipomwambia nataka kuzuia jangwa lisiingie ndani, akacheka, akaniongezea mkanda mmoja bure na kuniombea dua.

Nilipomaliza kuziba kila upenyo, nikaweka sinia jeusi juu ya meza, nikafunga mlango, nikaliacha mpaka kesho yake. Asubuhi nikapitisha kidole: vumbi. Nikatafuta linakoingilia, nikalikuta kwenye tundu la waya chini ya sinki. Nikaliziba. Kesho yake tena kidole, tena vumbi, dogo zaidi. Safari hii lilitoka kwenye kabati la nguo. Niliendelea hivyo mpaka asubuhi moja sinia likawa jeusi tii kama lilivyotoka dukani. Nikampelekea Bibi sinia lile chumbani kwake. Akalipapasa kwa vidole vyote vitano, akavitazama, kisha akamwita binti yake kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mama mwenye nyumba.

Tulikwenda wote watatu kwa daktari wake wa figo. Madam alimwuliza maswali mengi kwa Kiarabu, akirudi kwenye swali lilelile kwa mlango mwingine, na daktari akamjibu kila mara kwa utulivu. Kisha akaniuliza mimi nitahifadhi wapi mifuko ya dawa, nitaipasha joto kwa kifaa gani, umeme ukikatika nitafanyaje, na hospitali iliyo karibu ni ipi. Nilikuwa nimejiandaa, nikamjibu. Akasema mikono iliyooshwa ni mikono iliyooshwa popote ilipo. Alitoa sharti moja: tufanye kwanza majaribio ndani ya karavani ikiwa palepale uani, na matokeo yakiwa mazuri, yeye hana kipingamizi.

Basi tukahamia uani. Ilikuwa safari fupi kuliko zote maishani mwangu, kutoka mlango wa nyuma mpaka kwenye karavani, lakini Bibi alivaa nguo zake za safari na kuaga jikoni. Kitanda chake kilikuwa mwisho wa karavani, changu ni meza ya kulia inayokunjuliwa. Juu yake palikuwa na kabati dogo na droo mbili. Jioni ya kwanza nilitoa nguo zangu zote sandukuni, nikazipanga ndani ya droo zile, nikalisukuma sanduku tupu chini ya kiti. Nilikaa nikiitazama droo iliyofungwa kwa furaha ambayo ningeona aibu kumweleza mtu. Mama aliponipigia na kuuliza niko kwa nani, nilimwambia niko kwangu, ila kwangu kuna magurudumu. Akaniuliza naombewa na nani huko.

Majaribio yalikwenda vizuri. Maji yaliyotoka tumboni yalikuwa maangavu, rangi ya chai iliyozidiwa maji. Namna ya kuyapima ni rahisi: unaweka maandishi nyuma ya mfuko, na ukiweza kuyasoma kupitia maji, hakuna ugonjwa. Yakiwa na ukungu, unakimbia hospitali. Nilitumia gazeti la Kiarabu la Bibi. Macho yake hayakuwa mazuri tena, nami Kiarabu cha kuandikwa sikukijua, kwa hiyo tulisaidiana: mimi nilithibitisha kwamba herufi zinaonekana, yeye akakisia habari zenyewe. Habari zake zilikuwa nzuri siku zote.

Upepo ulipopoa kabisa, madam akasema kwa Kiarabu maneno mawili tu, khalas, yaani basi, na nendeni, kisha akaingia ndani haraka asituone tukiondoka.

Tulianzia kwenye mchanga mwekundu wa upande wa Lahbab. Mimi nilikuwa nimeishi Dubai ya lifti na vioo, ya foleni ya basi na harufu ya viyoyozi; sikujua kwamba mwendo mfupi tu kutoka hapo mtu anaweza kuamka na kuona ngamia wa watu wakipita wamelowa umande. Zamu ya kwanza ya matibabu tulifanya jua likichomoza. Viatu vilibaki nje kila mara, nguo za nje zilibaki kwenye kibaraza cha turubai, na mimi nilipangusa kila kitu kwa kitambaa kibichi kabla ya kufungua mfuko. Kati ya zamu na zamu Bibi alikaa nje, blanketi magotini. Alianza kula. Alianza kumkosoa dereva, aliyekuwa na hema lake kando yetu, juu ya namna ya kuwasha moto. Mchana alisali akiwa ameketi, na mimi wakati huo nikitengeneza chakula niliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na siku niliyonyamaza kwa heshima aliniuliza mbona kimya, naumwa?

Madam alikuja kila mwisho wa wiki, na mwanzoni alikuja na uso wa mtu anayeingia wodini. Alikaa karibu na mlango. Wakati wa zamu alitoka nje na kutembea mpaka nimalize.

Ni yeye aliyetaka nijifunze kuvuta karavani. Leseni ya Dubai nilikuwa nayo. Niliipata kwa jasho, baada ya kufelishwa kwenye kuegesha gari na kulia kwenye choo cha shule ya udereva. Madam alisema haiwezekani mama yake akae jangwani na mtu mmoja tu anayejua kuihamisha nyumba. Alipohakikisha kwamba leseni yangu inaruhusu kuvuta karavani ya ukubwa ule, dereva akaanza kunifundisha asubuhi baada ya chai: namna ya kurudisha gari nyuma mpaka lishikane na karavani, kuinua miguu ya chuma, kufunga mnyororo, kuunga waya wa taa. Kwenda mbele nilishika upesi. Kurudi nyuma kulinishinda. Nikikata usukani kulia, karavani ilikwenda kushoto. Nikikata kushoto, ilijikunja kama mkono unaojikuna mgongo. Dereva alisema, "Pole pole, sista," mpaka mwisho akawa anashika ndevu tu.

Katikati ya msimu tukahamia Hatta, milimani. Mahali penyewe alipachagua Bibi kwa kumbukumbu: kibaraza cha changarawe kando ya wadi, yaani bonde la mto mkavu, ambapo yeye na mumewe walizoea kukaa. Kulikuwa na utulivu ambao hata sasa nikiufikiria mabega yangu yanashuka.

Siku ya mvua, dereva alikuwa amekwenda mjini na pikapu kuchukua maboksi ya maji ya dawa, akatuachia gari kubwa la kuvutia karavani. Asubuhi hewa ilikuwa nzito lakini mbingu ya kwetu ilikuwa kavu. Baada ya adhuhuri milima ya mbali ikawa myeusi, na simu zetu zikalia kwa pamoja ile sauti ya onyo la hali ya hewa. Muda si mrefu dereva akapiga: polisi wamefunga barabara mbele yake, maji yamekatiza, hawezi kufika. Akaniambia nipande juu, sasa hivi.

Nilitoka nje nikatazama. Kwenye wadi, palipokuwa na mawe makavu asubuhi, palikuwa na kijito chembamba cha maji ya udongo. Hakikuwa na kelele. Njia tuliyoingilia ilikatiza wadi, kwa hiyo haikuwa njia tena. Iliyobaki ni ya nyuma yetu, ya kupanda mlima, nyembamba, yenye mwamba upande mmoja, na hapakuwa na nafasi ya kugeuza karavani, pale wala njiani, mpaka ufike juu. Kuipanda ilikuwa lazima tuipande kinyumenyume.

Nilimwambia Bibi nitampakia kwenye gari tuiache karavani. Ndivyo nesi anavyopaswa kusema, na nilimaanisha.

Bibi alitazama mlima, akatazama maji. "Maji ya mlimani hayapigi hodi, hilo kweli," akasema. "Lakini haya bado yako mbali. Waona ule mgunga? Yakigusa shina lake tunaiacha, na mie sitatia neno. Hayajagusa, tunayo nafasi."

Mgunga ulikuwa chini yetu sana, na kutoka pale tulipokuwa gari peke yake lingeweza kupanda kwa muda mfupi. Nilikubali. Nilimvalisha koti, nikamweka kwenye kiti cha mbele akiwa na vifaa vya zamu mbili mapajani, nikaanza.

Nilipandisha miguu ya chuma, mmoja ukakwama, nikaupiga kwa kisigino mpaka ukaachia. Nikarudisha gari nyuma kushikana na karavani. Nikakosa, nikarudia, nikakosa. Mara ya pili nikasikia mlango wa gari ukifunguka. Bibi alikuwa ameshuka. Mtu ambaye miezi mizima alikuwa hatembei bila mkono wa mtu, alisimama kwenye changarawe na fimbo yake, manyunyu yakimwangukia, akaenda mpaka ubavuni mwa karavani mahali ninapoweza kumwona kwenye kioo.

"Miaka yote hiyo," akaniambia, "unadhani nani alikuwa akimwelekeza marehemu? Njoo. Njoo. Kidogo tu. Basi."

Chuma kikaingia kwenye chuma. Nilifunga mnyororo, nikaunga waya, nikarudi kwenye usukani. Mgunga ulikuwa bado umesimama kwenye kavu, ingawa kijito kilikuwa kimepanuka na sasa kina sauti. Bibi akaja dirishani kwangu.

"Ondoa mikono huko juu," akasema. "Shika usukani chini kabisa. Mkono unakokwenda, na nyumba inakwenda hukohuko. Usifikiri kitu kingine."

Nilishika chini. Nikasogeza mkono kulia, na kwa mara ya kwanza karavani ikaenda kulia. Sijui kwa nini hakuna aliyeniambia hivyo mapema. Pengine dereva alikuwa akifanya bila kujua kwamba anafanya. Tulipanda. Bibi alitangulia, akitembea hatua ndogo kando ya njia, upande wa mwamba, nikimwona kwenye kioo, akinyanyua fimbo nisimame na kuishusha niendelee, akinielekeza kwa sauti isiyo na haraka iliyonifikia kupitia dirisha lililofunguliwa, kushoto kidogo, umezidisha, rudisha, haya. Mara mbili karavani ilitaka kujikunja, nikaenda mbele kidogo ikanyooka. Alipochoka nilisimama, akapumua akiegemea mwamba, akanipungia tuendelee. Nilimsihi apande. Akanijibu kwamba akipanda nani ataona nyuma.

Tulipofika juu, kwenye uwanja wa wazi walipokuwa wamekusanyika wenye mahema wengine, watu walitupokea kwa kupiga makofi. Mwanamume mmoja alikuja mbio kumshika Bibi mkono; Bibi akamkataza, akatembea mwenyewe mpaka mlangoni mwa karavani. Nilizima gari. Nilikuwa nikicheka peke yangu kama mtu aliyesikia jambo zuri sana kanisani na hawezi kungoja mpaka mwisho wa ibada. Chini, maji yalikuwa yameufikia mgunga.

Ulikuwa wakati wa zamu. Nilimkausha Bibi, nikambadilisha nguo, nikapangusa kila kitu, nikaosha mikono mpaka viwikoni. Maji yaliyotoka yalikuwa safi. Gazeti lilisomeka.

Madam alipopiga simu sauti yake haikuwa sauti. Nilimpa mama yake.

"Tumehama," Bibi akamwambia. "Nesi kahamisha nyumba. Tupo juu, tunakunywa chai."

Barabara ilipofunguliwa asubuhi yake, madam alifika akiwa na dereva nyuma yake. Alimkumbatia mama yake muda mrefu. Kisha akashuka kwa miguu mpaka tulipokuwa tumekaa, akapatazama, akarudi akiipima njia kwa macho, hatua kwa hatua. Hakunisifu wala kunigombeza. Aliingia karavanini, akavua viatu, akaenda kwenye sinki na kukunja mikono ya nguo yake.

Na hapo, kwa Kiswahili, ambacho sikuwahi kumsikia akikitamka, cha polepole na chenye lafudhi ya mama yake, akasema, "Nionyeshe."

Alijifunza. Mwanzoni nililazimika kushika kiwiko chake. Bibi alitazama dari, akijifanya hana habari. Kabla ya msimu kwisha madam alikuwa anafanya zamu peke yake kila alipokuja, huku mimi nimekaa nje nikinywa chai, na kutoka ndani nikiwasikia wawili hao wakigombana kwa Kiswahili juu ya chumvi.

Tulirudi mjini joto lilipoanza kuuma. Msimu mzima maji ya tumboni hayakuwa na ukungu hata mara moja. Huko kliniki, daktari alilinganisha vipimo vya mwanzo na vya mwisho, akavigeuza tena, akatabasamu. Bibi alikuwa ameongezeka uzito wa mwili, kiwango cha damu yake kimepanda, na aliingia chumbani mle na fimbo badala ya kiti cha magurudumu. Daktari akaniuliza kama ningekuwa tayari kuzungumza na familia nyingine mbili zilizokuwa na wagonjwa wa aina hiyo, watu wazima waliozoea jangwa tangu utoto na sasa wamefungiwa ndani. Nilizungumza nao. Nilikwenda na sinia langu.

Msimu uliofuata tulikuwa na karavani tatu upande wa Lahbab. Kampuni ilinifanya msimamizi wa wauguzi wa jangwani, cheo ambacho nadhani hakikuwahi kuwapo, na ikanipa wenzangu wawili, mmoja akiwa Mtanzania wa Tanga tuliyelala naye chumba kimoja Al Mankhool. Nilimfundisha kuziba madirisha na kuvuta karavani, mbele na nyuma. Mama, nilipomtumia picha, alimwonyesha kila mtu kanisani na kuwaambia kwamba binti yake ana kijiji.

Mgonjwa wa mwisho kufika alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya forodha. Aliletwa na mwanawe, na alishuka garini ameukumbatia mkoba wa vifaa vyake kama mtu anayetarajia kurudishwa. Nilitaka kwenda kumpokea, lakini Bibi alikuwa ameshatoka na fimbo yake, amevaa zile barakoa zake mbili, kwa sababu zamu yake ilikuwa karibu. Alizungumza naye kwa Kiarabu, nami sasa Kiarabu cha mdomo nakielewa.

"Karibu," akamwambia. "Viatu vinakaa hapo, mikono inaoshwa pale. Ukimaliza kuogopa, kahawa ipo."

Mzee akamtazama, akanitazama mimi, kisha akainama na kuanza kufungua viatu.